Udongo wa Kwanza wa Bibi Nakunda

Sogeeni, na anayetafuna muwa atafune polepole, nisikie sauti yangu mwenyewe. Leo sikuwaletea sungura wala fisi. Nimewaletea watu watatu wa Kighenge, kijiji cha mlimani kule Upare, enzi za ile vita kuu ya Wazungu, walipokuja kugombania ardhi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa juu yake. Hadithi yenyewe si tamu. Anayetaka tamu aende kwa jirani, huko wanapika.

Basi, Kighenge palikuwa na mwalimu wa dini, jina lake Mwalimu Elieza, mtu mwembamba mwenye kikohozi kisichopona. Alikuwa na desturi yake ya ubatizo ambayo mimi sijaisikia pengine. Hakumpa mtu jina. Aliwasimulia watu habari za Biblia msimu mzima, za wakubwa na za wale wanaotajwa mara moja tu wakasahauliwa. Siku ya kubatizwa ikifika, kila mtu alisimama mbele ya wenzake, akataja jina alilojichagulia, akasema amejifunza nini kwa mwenye jina hilo. Wengi walichagua Petro na Maria, maana watu hupenda njia iliyokwisha kukanyagwa. Watatu walipita kando.

Wa kwanza alikuwa mjane, kazi yake kuamia ndege. Mnajua kuamia? Ni kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti katikati ya shamba, ukiwafukuza ndege wasimalize mtama. Kombeo lake halikukosa shabaha, na sauti yake ilivuka bonde ikarudi. Huyu alichagua kuitwa Rispa, yule suria wa mfalme Sauli ambaye wanawe walitundikwa mlimani, naye akatandika gunia mwambani akawalinda, ndege wasiwaguse wala wanyama, hadi mvua iliponyesha. "Nimejifunza," alisema, "kwamba mtu akishakufa, bado kuna kazi ya kumfanyia."

Wa pili alikuwa mchukuzi. Kengele ya kanisa aliipandisha yeye peke yake kutoka tambarare, na alipoitua akauliza kama kuna kingine. Hakuwa na mke wala shamba. Alikaa kwa kaka yake, akilipia ugali wake kwa mabega. Alichagua jina la Simoni, yule mtu wa Kirene aliyekamatwa njiani akitoka shamba, akashurutishwa kuubeba msalaba wa Bwana. Watu wakamsubiri aseme amejifunza nini. "Kubeba," akasema, akakaa. Kanisa zima likacheka.

Wa tatu alikuwa mkalimani wa boma, na kipawa chake kilikuwa ulimi. Lugha tatu alizigeuza mdomoni bila jasho, na aliweza kusimama mbele ya Mzungu goti lisitetemeke. Lakini huyu alibatizwa faraghani, mlango umefungwa. Mnadhani alimwogopa Mzungu? Hata. Aliwaogopa waumini wenzake, kwamba wakijua ni mwenzao watamwomba awatetee bomani. Akajiita Yusufu, yule tajiri wa Arimathaya aliyekuwa mwanafunzi wa siri, na siku ya mwisho akaenda kwa Pilato kuuomba mwili wa Yesu. "Nimejifunza," alimnong'oneza mwalimu, "kwamba hata mwoga ana siku yake."

Hao ndio watu wangu. Washikeni vizuri: mwenye sauti, mwenye mabega, mwenye ulimi.

Sasa, palikuwa na bibi mmoja, Nakunda, ambaye hakuwa amebatizwa wala hakutaka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, Kivuria. Vita ilipopamba moto, Kivuria akachukuliwa upagazi, akatwikwa sanduku la risasi, akapelekwa kusini. Huko wapagazi walikufa kwa kuhara wakaachwa njiani, mzigo ukahamishiwa kwa anayefuata. Kivuria aliporithi mzigo wa rafiki yake, aliuweka chini, akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Na sheria ya vita ilikuwa moja: mpagazi akitoroka, kamba.

Alifika asubuhi, akikata katikati ya mtama. Rispa alimwona kutoka dunguni. Alimjua tangu akibebwa mgongoni. Furaha ikamjaa, akasahau dunia ilivyo, akapaza ile sauti yake: "Kivuria! Kivuria wa Nakunda karudi, jamani!" Chini, kijitoni, askari walikuwa wakijaza vibuyu vya maji. Walisikia kama kila mtu alivyosikia.

Akakamatwa, akapelekwa bomani. Bwana mkubwa, yule Mzungu wa boma, alisema maneno machache kwa lugha yake, na kwa kitambo kidogo Yusufu alikuwa mtu pekee katika uwanja ule, mbali na Mzungu, aliyejua yaliyosemwa. Mama yake Kivuria alikuwa akimtazama mdomo. Yusufu angeweza kupiga goti, angeweza kuomba, angeweza hata kujifanya hakusikia ili aulizwe tena. Akatafsiri: "Atatundikwa gulioni, na abaki juu." Alitafsiri vizuri, hakukosea neno.

Ukatakiwa mti. Askari wakamkuta Simoni njiani, wakamtwika gogo la kutundikia. Alijua ni la nini? Alijua. Kijiji kizima kilijua. Alilibeba hadi gulioni, akafika kabla ya watu wengine wote, maana hakuwa na mazoea ya kwenda polepole na mzigo.

Nitasema ukweli wangu: nikifika hapa huwa nawachukia wote watatu. Kisha nawaza, je, ningekuwa mimi? Haya, tuendelee.

Kivuria akatundikwa, mama yake akiangalia. Bwana mkubwa akatoa amri: asishushwe, awe fundisho, atakayemgusa atamfuata. Watu wakarudi majumbani. Hata gulio likahamia upande wa pili wa kijito, kwa sababu lazima watu wanunue chumvi.

Rispa hakurudi. Alitandika gunia chini ya ule mti, akakusanya mawe, akashika kombeo. Mchana aliwapiga kunguru na tai, na jua likizama aliwasha moto wa kuwazuia fisi. Askari akaja kumfukuza, akampiga kwa kitako cha bunduki.

"Umeambiwa asiguswe!"

"Simgusi, bwana askari," alijibu damu ikimtoka puani. "Nawagusa ndege."

Askari hakuwa na amri yoyote kuhusu ndege. Akamwacha. Lakini kombeo ni moja na mikono ni miwili. Wakati Rispa akiilinda maiti ya mtoto wa mwenzake, dungu lake lilikuwa tupu, na mtama wake ukaliwa hadi mabua. Njaa ya msimu ule ilipoingia, nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukosa. Alikuwa na binti mmoja, Damari. Damari hakuivuka ile njaa. Na majirani, wale wale waliokuwa wamehamisha gulio, walisema: nani alimtuma?

Yusufu alijifungia ndani kwanza. Kisha siku moja akavaa kanzu yake ya kazi, akaenda kwa Bwana mkubwa bila kuitwa.

"Naomba nipewe maiti ya Kivuria."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana, Bwana. Lakini mimi ni Mkristo."

Yule Mzungu akashangaa. "Miaka yote hii hujaniambia."

"Sijamwambia mtu yeyote, Bwana."

Mzungu akafikiri, akatabasamu, na tabasamu lake halikuwa jema. Akasema atampa. Ila kwanza Yusufu alale kifudifudi gulioni apigwe viboko, na awatafsirie watu yeye mwenyewe kila neno litakalosemwa juu yake. Baada ya hapo asionekane tena bomani. Na maiti ibebwe na mtu mmoja tu hadi kaburini bila kupokezana. Ikigusa ardhi njiani, askari wataitupa korongoni.

Yusufu akalala chini. Mzungu akisema, yeye akatafsiri, na kiboko kikishuka akanyamaza hadi apate pumzi, kisha akaendelea pale alipoachia. "Mtu huyu ni mnafiki," alitafsiri. "Mtu huyu amekula chumvi yetu akatusaliti." Hakukosea neno. Na watu aliowahi kuwatafsiria hukumu zao, kodi zao na vifungo vyao, walipoona hana tena kivuli cha boma cha kumkinga, walikwenda wakaichoma nyumba yake moto. Kuanzia hapo alilala popote palipokuwa na ukuta.

Akabaki wa kubeba. Maiti ilikuwa imekaa sana, jamani, sitawaeleza zaidi ya hapo kwa sababu wapo ambao hawajala. Askari wenyewe walijifunga vitambaa puani. Simoni akaja, hakuitwa na mtu.

"Safari hii," aliwaambia askari, "hakuna aliyenishika."

Akainama, wakamshushia maiti mgongoni, akaanza kupanda. Nyumba ya Bibi Nakunda iko juu kabisa, mahali ambapo hata mbuzi huhema. Kwenye kijito cha mwisho jiwe liliteleza, goti likatoa mlio uliosikiwa na askari waliokuwa nyuma yake. Wakasogea kuangalia kama maiti imegusa ardhi. Haikugusa. Simoni alikuwa amepiga magoti, mikono miwili chini, na Kivuria yuko mgongoni. Akaenda vile vile kwa kutambaa, kipande chote kilichobaki, hadi mlangoni kwa mama. Hakutembea sawasawa tena maisha yake yote. Mchukuzi asiyebeba ni mgeni mezani, na shemeji yake hakuchelewa kumwonyesha mlango, Simoni akahamia chini ya mti.

Kivuria akazikwa pale pale nyumbani. Mwalimu Elieza akasoma, akakohoa, akasoma tena. Bibi Nakunda aliwatazama wale watatu, mmoja pua imepinda, mmoja mgongo umechanika, mmoja amekaa chini hawezi kusimama. Akasema, "Nimewaona."

Miaka ikaenda. Bibi akazeeka, akalala kitandani. Na hapo ndipo penye fundo la hadithi, nisikilizeni. Desturi ya Kighenge ilikuwa hivi: mzee hafukiwi mpaka mtoto wake atupe udongo wa kwanza. Asiye na mtoto humtaja mtu akiwa hai, na huyo akishatupa udongo huwa mtoto kweli: anaingia nyumbani, anarithi jiko na shamba, analitunza kaburi, na jina lake linaunganishwa na ukoo. Ni mmoja tu. Boma nalo lilikuwa na sheria yake mbaya, kwamba nyumba isiyo na mrithi mmoja anayejulikana ni mali ya boma siku ile ile. Kwa hiyo kila mtu alimsubiri Bibi ataje.

Wale watatu walimwendea kila mmoja kwa wakati wake. Walikuja kuungama, si kuomba nyumba. Ndivyo ninavyoamini mimi. Ninyi aminini mnavyotaka.

"Bibi," alisema Rispa, "sauti iliyomwita mwanao kwenye kifo ni yangu."

"Niliisikia, mwanangu. Nami nilikuwa nakimbia kumlaki, nikipiga vigelegele. Tulipiga kelele wote wawili."

Yusufu akasema, "Bibi, yale maneno yalitoka kinywani mwangu."

"Nilikuwa nakutazama," Bibi alijibu. "Uliyameza kwanza, nikaona koo likipanda. Kisha ukayatema."

Simoni alivua shuka akamwonyesha bega, pale gogo lilipoacha alama. Bibi akanyoosha mkono, akauweka juu ya ile alama, akauacha hapo mpaka alipopitiwa na usingizi.

Mwisho akaja Mwalimu Elieza, naye kachoka, nywele zote nyeupe. Akamuuliza kama sasa angependa kubatizwa.

"Nitahitaji jina?" Bibi aliuliza.

"Utachagua mwenyewe, Bibi."

"Ninalo tayari. Mimi ni mama yake Kivuria."

Mwalimu akatabasamu, akauliza kama ilivyokuwa desturi yake: "Na umejifunza nini?"

"Nimejifunza kwamba waliomuua na waliomzika ni wale wale. Wewe umesoma kitabu kizima, Mwalimu. Niambie nifanye nini na hilo."

Mwalimu alitafuta maji, akambatiza kwa jina hilo hilo, na kama kuna mchungaji mahali fulani wa kumlaumu, amlaumu. Bibi Nakunda akafa siku ya pili yake asubuhi, hajamtaja mtu.

Sasa tuko kaburini. Bibi ameshushwa, amefungwa katika mkeka wake. Mtu wa boma amesimama pembeni, kofia kichwani, akisubiri jua lizame ili aweke kufuli mlangoni. Shangazi Nasemba, mkubwa wa ukoo, mwanamke asiyependa maneno mengi, akawaita wale watatu mbele.

"Bibi hakumtaja mtu, kwa hiyo ukoo umekubali mmoja wenu awe mtoto. Semeni."

Rispa akasema, "Bila mimi mngezika nini? Mifupa iliyotawanywa na fisi. Nilimlinda mtoto wake, wangu akafa. Sina wa kunitupia udongo mimi mwenyewe. Nataka kuwa wa mtu."

Yusufu akasema, "Bila mimi ungekuwa unalinda hadi leo. Ni mimi niliyemshusha. Nilivua kila kitu gulioni mbele yenu, nanyi mkaichoma nyumba yangu. Nimelala katika mazizi ya mbuzi zenu. Nataka mlango wa kufunga."

Simoni akasema, "Angetupwa korongoni." Akashika goti lake. "Siwezi kulima nikiwa nimesimama. Hapa kwa Bibi shamba limezunguka nyumba. Ningeweza kulima nikitambaa."

Ingeishia hapo pangekuwa na heri. Lakini Rispa alimgeukia Yusufu: "Wewe ulisema atundikwe, halafu uwe mtoto wake?" Yusufu akajibu: "Na wewe uliyempigia mbiu kama mbuzi wa mnada?" Watu wakaanza kuguna. Simoni aliwaacha wabishane, kisha akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Na mimi nilibeba mti."

Shangazi Nasemba akamgeukia Mwalimu Elieza. "Hawa ni watu wa kitabu chako. Majina haya waliyapata kwako. Amua."

Mwalimu alitazama kila mmoja kwa zamu. Akasema kwamba Rispa wa kitabuni hakumwita mtu kwenye kifo, wala Yusufu wa kitabuni hakutamka hukumu. Simoni wa kitabuni ndiye pekee aliyeubeba mti kama huyu wetu. Aliwafundisha majina, akasema, lakini maisha waliyoishi yalikuwa yao. Kisha akakaa chini kwenye udongo uliochimbwa, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemcheka.

Najua kuna mjanja miongoni mwenu anataka kuniambia watupe wote watatu kwa pamoja. Kaa chini, mjanja. Ukoo ulikataa, na yule mwenye kofia angefurahi sana: warithi watatu kwa sheria yake ni sawa na hakuna. Na yule mwingine anayetaka kusema asitupe yeyote, kwa kuwa wote wana hatia, huyo naye ajue kwamba hapo Bibi hafukiwi, nyumba inakwenda kwa boma lile lile lililomtundika mwanawe, na wale watatu wanarudi walikotoka: mmoja dunguni, asiye na mtu wa kumshukia, mmoja zizini, mmoja chini ya mti.

Jua linashuka. Shangazi Nasemba ameinama, ameokota donge moja la udongo, amelishika mkononi, anatafuta mkono wa kulitia. Wale watatu wamenyoosha mikono, kila mmoja wa kwake, na mama yao yuko shimoni hajafunikwa.

Haya, wewe uliyekaa hapo ukijifanya unasinzia. Inuka. Umshike mkono Shangazi uupeleke kwa mmoja wao, na ukishampa, uwageukie wale wawili, uwatazame usoni. Ungempa nani? Na hao wawili ungewaambia nini?